Eafoni zikigoma kwenye Linux, msikimbilie kurudisha Windows

Ndugu Mhariri,

Tangu Microsoft isitishe msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue, Nairobi, zimebaki njia panda. ThinkPad T470, EliteBook 840 G3, Latitude 7480 na wenzao wenye prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 bado ni mashine imara, ila Windows 11 haiwatambui rasmi. Wengi wamewekewa Ubuntu au Linux Mint, aina mbili za mfumo huria wa Linux, na kazi zinakwenda. Tabu huanza siku ya mkutano wa mtandaoni: mwenye laptopu anafungua kasha la eafoni zake za Bluetooth, hazishiki, au zinashika lakini kimya, au zinatoa sauti kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Jirani anamwambia "Linux haiwezi Bluetooth", naye analipa fundi amrudishie Windows 10.

Kauli hiyo haina msingi. BlueZ, programu inayosimamia Bluetooth ndani ya Linux, iliingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) toleo la 2.4.6 mwaka 2001, na simu za Android zenyewe ziliitumia mpaka lilipotoka toleo la 4.2 mwaka 2012. Kinachogoma kwa kawaida ni kimoja tu kati ya vitu vinne ambavyo sauti hupitia: eafoni zenyewe, kadi ya redio ndani ya laptopu, BlueZ, na seva ya sauti (programu inayopeleka sauti kwenye spika au eafoni). Kila kimoja kina dalili zake.

Kabla hatujaendelea, tuna ombi kwa mpiga chapa wako. Amri tutakazozitaja zinaandikwa kwenye terminali (bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja) herufi kwa herufi. Vistari viwili vinavyofuatana visigeuzwe kuwa kimoja kirefu, na herufi kubwa zisishushwe. Kompyuta haina huruma na makosa ya gazetini.

Tuanze na eafoni, maana hapo hakuna amri yoyote. Eafoni nyingi hukimbilia kifaa zilichokitumia mwisho mara kasha linapofunguliwa, na kifaa hicho aghalabu ni simu iliyo mfukoni. Zima Bluetooth ya simu kwanza. Kisha hakikisha ziko katika hali ya kuoanishwa: taa kuwaka tu hakutoshi, lazima imwekemweke. AirPods zenye kitufe nyuma ya kasha, fungua kifuniko ukibonyeza kitufe hicho mpaka taa nyeupe ianze kumwekamweka. Kwa zile za bei nafuu, sikio moja likilia peke yake, au orodha ikionyesha vifaa viwili vya jina moja, ujue kushoto na kulia hazijashikana zenyewe kwa zenyewe. Hapo laptopu haina kosa. Futa jina la eafoni kwenye simu na kwenye laptopu, zirejeshe kwenye hali ya kiwandani kama karatasi ya maelekezo inavyosema (mara nyingi ni kushikilia kitufe kwa sekunde 10 au zaidi), zitoe zote mbili kwenye kasha kwa wakati mmoja, subiri zikutane, ndipo uzitafute.

Zisipoonekana kabisa, au sehemu ya Bluetooth kwenye mipangilio ikikataa kuwaka, nenda kwenye redio:

rfkill list

Ukiona "Soft blocked: yes" mbele ya Bluetooth, andika rfkill unblock bluetooth. Ukiona "Hard blocked: yes", hakuna amri itakayosaidia: kuna swichi halisi imezimwa, kama ile ya pembeni kwenye baadhi ya ThinkPad za zamani, au kitufe cha mawimbi kwenye kibodi, au Bluetooth imefungwa kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka). Laptopu zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani huja mara nyingine zikiwa zimefungwa namna hiyo.

Watu husema "Wi-Fi inafanya kazi, basi kadi ni nzima." Si lazima. Kwenye kadi kama Intel 8265, Wi-Fi hupita njia ya PCIe na Bluetooth hupita njia ya USB, ingawa ni kadi moja yenye ukubwa wa stempu. Moja yaweza kufa na nyingine ikaendelea. Andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB; Bluetooth ya Intel 8260 au 8265 huonekana kwa namba 8087:0a2b. Ikionekana, soma kerneli inasema nini:

sudo dmesg | grep -i bluetooth

Kwa 8265, mstari wenye "Found device firmware: intel/ibt-12-16.sfi" ni habari njema. Ukisoma kwamba faili la famwea halikupatikana, ndipo palipo na kasoro: kadi imewaka bila programu yake ya ndani. Kwenye Ubuntu na Mint, famwea hizo zimo kwenye kifurushi cha linux-firmware. Kwenye Debian, aina nyingine ya Linux, kabla ya toleo la 12 hazikuwemo kwenye CD ya kawaida ya kusakinishia, kwa sababu si programu huria, na aliyesakinisha wakati huo huenda bado hana.

Na kama namba yenyewe haionekani kwenye lsusb, usinunue kadi bado. Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha iwashe. Kadi hizi huganda, na kuwasha upya kwa kawaida hakuzikatii umeme. Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja hupatwa na hili zaidi, kwa sababu Windows yenye kuwaka haraka (Fast Startup) haizimi kikweli, inasinzia tu. Izime huduma hiyo ndani ya Windows.

Redio ikiwa hai, oanisha kwa bluetoothctl badala ya madirisha ya mipangilio, kwa sababu madirisha huficha kosa. Andika bluetoothctl, kisha ndani yake power on, agent on, scan on. Eafoni zikitokea utaona anwani yake, jozi sita za herufi na tarakimu. Andika pair ikifuatiwa na anwani hiyo, kisha trust na anwani, kisha connect na anwani. Huna haja ya kuiandika yote. Andika jozi ya kwanza, bonyeza Tab, itajimalizia. Hatua ya trust ndiyo wengi huiruka, halafu wanashangaa eafoni zinashika leo na kesho zinakataa kujiunganisha zenyewe. Ukiwa na majaribio ya zamani yaliyovurugika, tanguliza remove na anwani, uanze upya pande zote mbili. Kufuta upande mmoja tu ni kazi bure.

AirPods zina jambo lao. Zikionekana lakini zikigoma kuoanishwa, fungua faili la /etc/bluetooth/main.conf kwa sudo nano, tafuta mstari wa #ControllerMode = dual, uufanye ControllerMode = bredr (alama ya # itoke), kisha sudo systemctl restart bluetooth. Zikishaoanishwa, rudisha dual. Ukiacha bredr, kipanya au kibodi inayotumia Bluetooth ya nishati ndogo itakataa kushika.

Sasa kosa tunaloletewa zaidi. Eafoni zinaoana vizuri, ukibonyeza unganisha zinashika sekunde moja na kuachia. Soma kumbukumbu:

journalctl -u bluetooth -b

Ukikuta "a2dp-sink profile connect failed" na mwishoni "Protocol not available", acha kabisa kuhangaika na eafoni wala kadi. BlueZ hubeba mawasiliano tu. Sauti yenyewe hupokewa na seva ya sauti, na hapa BlueZ inalalamika kwamba hakuna seva iliyojitokeza kupokea mzigo. Mzigo umefika bandarini, wakala hayupo.

Ni seva gani? Zilizo za kawaida ni mbili, PulseAudio na PipeWire. Andika pactl info na utazame mstari wa "Server Name". Ukisoma "pulseaudio" tupu, kama ilivyo kawaida kwenye Ubuntu 22.04 na Mint 21, kifurushi kinachokosekana ni hiki:

sudo apt install pulseaudio-module-bluetooth

ukimaliza, pulseaudio -k, na ujaribu tena. Ukisoma "PulseAudio (on PipeWire ...)", kama kwenye Ubuntu tangu 22.10, au Mint 22, unahitaji:

sudo apt install libspa-0.2-bluetooth
systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse

Hapo usitumie sudo kwenye mstari wa pili, kwani huduma hizo ni za mtumiaji, si za mfumo. Na tafadhali, usifuate maelekezo ya PulseAudio kwenye mashine ya PipeWire, wala kinyume chake, "ili kuwa na uhakika". Mafahali wawili hawakai zizi moja: zikiwaka seva mbili, kila moja itaidai Bluetooth, na utapata eafoni zinazoshika siku moja na kukataa siku nyingine bila mpangilio. Mashine nyingi "zilizoharibiwa na Linux" zimeharibiwa kwa kuchanganywa huku.

Kuhusu sauti kuwa mbovu wakati wa mkutano, tungeomba wasomaji watulie kidogo, kwa sababu hapa hakuna kilichoharibika na bado ndipo lawama nyingi zinapoelekezwa. Bluetooth ya kawaida ina profaili mbili za sauti, yaani namna mbili za kuibeba. A2DP hubeba muziki kwenda masikioni, njia mbili za stereo, kwa kodeki (njia ya kubana sauti) ya SBC yenye takriban kilobiti 328 kwa sekunde katika ubora wake wa juu wa kawaida. Lakini ni barabara ya upande mmoja. Maikrofoni haina pa kurudia. HFP hubeba sauti kwenda na kurudi, ila ni mono, na kipimo chake ni 8 kHz kwa kodeki ya CVSD au 16 kHz kwa mSBC. Ni ubora wa simu. Mara Zoom au Google Meet inapoomba maikrofoni ya eafoni, mfumo hutupa A2DP na kuingia HFP, na muziki uliokuwa mtamu unageuka pipa. Windows na simu nazo hubanwa na sheria hiyohiyo ya profaili mbili.

Dawa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: sikiliza kwa eafoni, ongea kwa maikrofoni ya laptopu. Ndani ya mipangilio ya sauti ya Zoom au Meet chagua maikrofoni ya ndani ya mashine, na katika mipangilio ya mfumo, sehemu ya kuingiza sauti, fanya hivyohivyo. Mfumo uking'ang'ania HFP, urudishe kwa mkono. Andika pactl list cards short upate jina linaloanza na bluez_card, kisha:

pactl set-card-profile bluez_card.XX_XX_XX_XX_XX_XX a2dp-sink

Weka anwani ya eafoni zako mahali pa X, kwa vistari vya chini na si nukta pacha. Kwenye PulseAudio ya asili jina la profaili ni a2dp_sink, kwa kistari cha chini. Herufi hiyo moja imewapotezea watu jioni nzima. Kwa wenye WirePlumber (msimamizi wa PipeWire) toleo la 0.5 na kuendelea, kwa mfano Debian 13, mabadiliko hayo ya ghafla yanazimwa moja kwa moja:

wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false

Ikiwa ni lazima utumie maikrofoni ya eafoni kwa sababu chumba kina kelele, angalau hakikisha unapata mSBC na si CVSD. Kwenye programu ya pavucontrol, sehemu ya usanidi, profaili zote zinazopatikana huorodheshwa na unachagua.

La pili linalostahili nafasi ni la wenye mifumo miwili kwenye mashine moja. Eafoni zinafanya kazi Linux. Ukiingia Windows zinakataa. Ukizioanisha huko, ukirudi Linux zinakataa. Laptopu ina anwani moja ya Bluetooth, lakini kila mfumo ukioanisha hutengeneza ufunguo wake wa siri. Eafoni huona anwani ileile na huhifadhi ufunguo wa mwisho tu, kwa hiyo mfumo mwingine unabaki umeshika ufunguo wa kitasa kilichobadilishwa. Kuoanisha upya kila siku kunawezekana, lakini dawa ya kudumu ni mifumo yote miwili kutumia ufunguo mmoja.

Oanisha kwanza Linux, kisha Windows iwe ya mwisho. Rudi Linux, fungua diski ya Windows, nenda Windows/System32/config, na unakili faili liitwalo SYSTEM uliweke nyumbani kwako. Kamwe usifanyie kazi lile la asili. Sakinisha chntpw, programu inayosoma faili hilo, andika chntpw -e SYSTEM, kisha ndani yake:

cd ControlSet001\Services\BTHPORT\Parameters\Keys

Amri ya ls itakuonyesha anwani ya kadi yako bila nukta pacha. Ingia humo kwa cd, andika ls tena uone anwani ya eafoni, kisha hex ikifuatiwa na anwani hiyo. Utapata baiti 16. Ziandike kwa herufi kubwa bila nafasi, jumla tarakimu na herufi 32. Zima Bluetooth, fungua kwa sudo faili la info lililomo /var/lib/bluetooth, ndani ya folda ya anwani ya kadi, ndani ya folda ya anwani ya eafoni. Chini ya [LinkKey] kuna mstari wa Key=. Badilisha ufunguo huo tu, hifadhi, kisha sudo systemctl restart bluetooth. Ukikosea herufi moja zitakataa kushika, na hakuna litakaloharibika zaidi ya hapo. Hakiki na urudie. Ufunguo huo ni siri: usiupige picha ukautuma kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada.

Sauti kukatikakatika ni suala la hewani. Bluetooth huruka kati ya chaneli 79 zenye upana wa 1 MHz katika masafa ya 2.4 GHz, na Wi-Fi ya 2.4 GHz hukalia kipande cha 20 MHz hapohapo. Kwenye ghorofa lenye ruta kila mlango, nafasi ni finyu. Kama ruta yako ina 5 GHz, hamisha laptopu huko. Mara nyingi tatizo huisha dakika hiyo. Chunguza pia kilichochomekwa: vifaa vya USB 3.0, hasa diski za nje, hutoa kelele katika masafa hayo, jambo ambalo Intel ililiandikia waraka mwaka 2012. Diski ikae upande wa pili wa laptopu.

Eafoni zikikatika ukisogea hatua mbili tu, fikiria antena. Kadi ina nyaya mbili nyembamba za antena na Bluetooth hutumia mmoja wao. Aliyebadilisha skrini au kibodi akasahau kuubana waya mmoja hatagundua, kwa sababu Wi-Fi itaendelea na ule mwingine. Na zikikatika kila unapokaa kimya dakika kadhaa, ni uwekaji akiba wa umeme: tengeneza faili la /etc/modprobe.d/btusb.conf lenye mstari mmoja, options btusb enable_autosuspend=n, kisha uwashe upya. Picha kutangulia sauti kwenye filamu ni ucheleweshaji wa kawaida wa Bluetooth. Kwenye VLC bonyeza J kuwahisha sauti kwa milisekunde 50 kila mara, K kuirudisha.

Wanaoshauriwa kununua kidude cha USB cha Bluetooth wajue kwamba vingi vyenye namba 0a12:0001 ni nakala bandia za chipu ya CSR, bandia zinazojulikana kiasi kwamba kerneli ina ujumbe wake maalumu, "Unbranded CSR clone detected". Baadhi hufanya kazi, baadhi hufa baada ya kuchomolewa mara moja. Vyenye chipu ya Realtek RTL8761BU vina afadhali, ilimradi famwea ya rtl8761bu ipo. Kichomeke kwenye tundu la USB 2.0, au kwa waya wa kurefushia wa nusu mita.

Kwa anayekwenda kununua laptopu: beba flashi ya GB 8 yenye Ubuntu, washa mashine kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote, na uoanishe eafoni zako papo hapo kaunta. Zikishika na kuimba, kadi, antena na famwea vyote ni vizima. Muuzaji akikataa jaribio la dakika 5, nenda duka la pili. Na kwa anayempelekea fundi mashine iliyokwisha goma, aende na vitu vitatu vilivyohifadhiwa kwenye faili: majibu ya lsusb, ya pactl info, na ya journalctl -u bluetooth -b yaliyochukuliwa mara tu baada ya eafoni kukataa, kabla ya kuwasha upya.

Ni sisi,
Mafundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam